Mguu wa Duku

Letaru, na wengine mtakaoshika kazi ya uwanja baada yangu: ufunguo wa stoo nimeuacha kwa Kocha Yassin. Goti langu limekataa kabisa kusukuma toroli la majivu, nami nimechoka kubishana na goti. Shule niliishia darasa la tatu. Kiswahili changu nilikiokota soko la Arua na kwa marehemu mume wangu, aliyekuwa askari. Anayetaka Kiswahili cha vitabu aende kwenye vitabu. Anayetaka kujua uwanja unavyotunzwa, akae hapa asome. Wewe Letaru hasa, maana umekuja Koboko juzi tu na utafanya kazi na Duku, na Duku huyo unamjua kama kijana anayesimama kando ya barabara bila kusema. Ana habari yake. Nitaifikia.

Kazi niliianzia Ediofe, pale Arua, kwenye uwanja wa shule moja ya misheni. Mume wangu alikuwa amekufa, na watoto waliendelea kula kama kawaida. Kifo cha baba hakikuwafunga mdomo. Nilikwenda kuomba kazi ya jikoni. Jikoni walikuwa wamejaa. Mzee Onzima, mtunza uwanja, akanitazama mikono.

"Wewe nalima?"

Nikasema nalima kijijini kwetu Dadamu tangu utoto.

"Sawa. Majani hapana jua mwanamke wala mwanaume."

Akanipa slasha, lile bapa refu la kufyekea. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kazi.

Mzee Onzima hakusifu mtu. Alinifundisha kufyeka asubuhi umande ukiwa bado chini, maana majani makavu hulala slasha inapopita, kisha huinuka nyuma yako kukucheka. Mstari wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya mbuzi. Aliufuta kwa kiatu chake, akanirudishia kamba na vigingi. Nikachora tena, akafuta tena. Nilipouliza kwa nini tusitumie chokaa, inayong'aa vizuri, alisema, "Chokaa iko kwa ukuta. Hapa watoto naanguka na magoti." Kwa hiyo majivu, yaliyochekechwa, bila mkaa ndani. Hata leo ni majivu. Kocha akikuletea chokaa, mpelekee apake nyumba yake.

Mpira pia alinifundisha. Mshono unapakwa mafuta ya ng'ombe kidogo. Ukizidisha, mpira unakuwa kama sabuni na golikipa atakulaani. Mshono ukifunguka, unashona kwa sindano ya fundi viatu na uzi uliopakwa nta, na fundo la mwisho unalizamisha ndani. Fundo likibaki nje, mpira unakwenda unakotaka wenyewe, na mshambuliaji anatukanwa bure.

Mzee alipokufa nilibaki na slasha yake. Baadaye binti yangu aliolewa na Mkakwa wa Koboko, akanivuta huku, na timu ya mji ilikuwa inatafuta mtu wa kufyeka, kushona na kufua jezi. Wachezaji wakaanza kuniita Dede, kama mtu anavyomwita bibi yake kwa Kilugbara, hata Wakakwa na Waislamu. Sikuwakataza. Jina halifui jezi.

Uwanja wa Koboko ulikuwa umekaa vibaya. Magoli yalikuwa mabomba ya chuma, yaliyosimikwa kwa saruji na wanajeshi zamani sana, na hakuna aliyejua walipima vipi. Goli moja liliipa mgongo barabara ya malori, yale yanayotoka Arua kwenda mipakani. Nyuma ya goli palikuwa na majani mafupi, kisha mfereji, kisha barabara. Mpira ukipita juu ya mwamba wa goli, ulikuwa unakwenda kusalimia madereva.

Mipira ya mazoezi ilikuwa michache, mara nyingi mmoja. Kocha Yassin ni mtoto wa kambi, baba yake alikuwa sajenti, na mambo yake yote ni amri. Aliweka sheria ya maneno mawili: aliyepoteza, alete. Ukipiga nje, unakwenda mwenyewe kuuchukua, wenzako wanasimama wanakutazama mgongo. Aibu ya kutembea inafundisha kulenga kuliko kelele. Mimi niliiona ni sheria nzuri, na bado nasema ilikuwa nzuri.

Duku alikuja akiwa kijana wa kandambili, kutoka upande wa Kongo, mtoto wa mwisho wa Mkakwa ambaye shamba lake lilikuwa limegawiwa kaka wakubwa mpaka likaisha. Hakuwa na maneno. Alikuwa na mguu wa kulia. Akipiga, unasikia kama gunia la mihogo limeangushwa kutoka juu ya lori. Mishono yangu iliteseka sana mwaka ule. Golikipa wetu, Amule, aliyekuwa akikaanga chapati sokoni asubuhi, alikuja stoo akipuliza vidole.

"Dede, huyu mutu hapana cheza mpira. Yeye natuma mizigo."

"Pokea. Kazi yako iko hiyo."

"Napokea. Lakini mikono nasema nataka kurudi kwa mama."

Hao wawili wakawa marafiki, kama mtu na kivuli chake, mmoja akiongea na mwingine akisikiliza. Duku alifunga karibu kila mechi. Mtu wa timu kubwa ya Arua alimwona siku moja akasema atarudi kumtazama vizuri. Kwa kijana asiye na shamba, hilo lilikuwa neno kubwa. Mlango mwingine hakuwa nao.

Lakini mguu wenye nguvu hupoteza pia. Na Amule, kwa kuwa golini ndiko karibu na barabara, alizoea kukimbia kumfuatia Duku mpira. Kocha alipiga kelele, "Amule, sheria!" Amule alijibu huku anakimbia, "Afande, sheria iko mbali, mimi iko karibu." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Jioni ile mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Duku alipiga, mpira ukapita juu ya mwamba. Duku akaanza kutembea kuufuata, kama sheria ilivyotaka. Amule akamwonyesha kiganja: kaa, pumzika. Akaruka mfereji, akateleza, akasimama barabarani akitazama bodaboda iliyokuwa inatoka upande wa soko. Lori lilitoka upande mwingine. Lilikuwa limebeba vitunguu. Dereva alifunga breki na lori likaendelea tu, barabara ilikuwa matope. Mpira wenyewe ulivuka salama, nikaukuta kwenye majani ng'ambo.

Hospitalini Arua walimkata Amule mguu juu ya goti. Yule dereva hakukimbia. Hakuwa amelewa. Alikaa nje ya wodi na kofia yake mkononi mpaka mke wa Amule akamwonea huruma akampa chai. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipoanza, kwamba hapakuwa na mtu mbaya.

Sasa, Letaru, Koboko wewe ni mgeni lakini ni mtoto wa pande hizi, unajua kwetu jambo la damu haliachwi hivyo. Lazima likalishwe chini, lipate mwenyewe, na mwenyewe alete mbuzi, ndipo familia mbili ziweze kuchota maji mahali pamoja. Wazee walikutana nyumbani kwa kina Amule. Nilikuwepo, mimi na wanawake wengine tulipika. Baba mdogo wa Amule, mtu mpole, ndiye aliyesema.

"Lori iko chuma. Chuma hapana sema pole. Lakini mpira ilitoka kwa mguu, na mguu iko na mwenyewe."

Baba yake Duku akakubali haraka. Nilimwona usoni, alikuwa anashukuru. Jambo lenye mbuzi ni jambo lenye mwisho. Mbuzi akaletwa, mzuri, hakuwa mgonjwa kama wale ambao wengine huleta. Wakamwambia Duku avue kiatu cha kulia asimame karibu na huyo mbuzi. Mzee akachovya majani kwenye kibuyu cha maji, akanyunyizia ule mguu, akasema ili wote wasikie, "Mguu huu ulichukua mguu ule. Leo tumefunika. Asiye na habari asiulize." Wote tukaitikia.

Kisha tukala. Amule alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kigutu chake kimefungwa kitambaa.

"Nimelipwa vizuri," alisema. "Mbuzi iko na miguu minne. Mimi hapana jua nianze na gani."

Watu walicheka mpaka wazee wakafuta macho. Duku alikula pia, hakukataa chakula. Lakini nilimwona akiutazama mguu wake, kama mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata mtoto wa jirani.

Mimi siwalaumu wale wazee. Familia zile bado zinasalimiana, bado zinaazimana majembe. Nimeona kule ambako hawakukaa chini, na nimeona nyumba zilizochomwa. Mbuzi alifanya kazi yake kwa watu wote. Alimruka mmoja tu.

Mechi ya kwanza baada ya hapo, Duku alibaki peke yake na golikipa wa wageni. Watu walishanyanyua mikono. Akausukuma mpira taratibu kwa upande wa kiatu, kama mtu anayempa mgeni kikombe cha chai kilichojaa. Golikipa akainama akaokota.

"Duku, mpe na sukari," mtu akapiga kelele.

Mwingine akanigeukia. "Dede, mpira yako iko na homa?"

Nikamwambia mpira ni mzima, apime kichwa chake.

Mechi iliyofuata ilikuwa vilevile, na zilizofuata pia. Mbio alikuwa nazo, na mbele ya goli alifika kama zamani. Alikosa lile pigo la mwisho tu. Kila mtu akaleta dawa. Kocha alimbakisha baada ya mazoezi, piga, piga, piga, na Duku alipiga, yote chini, yote polepole, kwa adabu. Shehe alimsomea. Katekista alimwombea. Shangazi yake anayeuza vitenge mpakani Vurra alileta gome la mti kutoka ng'ambo, la kufunga kifundoni. Alilifunga mpaka likaoza. Wengine wakasema ni mambo ya msichana. Wengine wakasema amerogwa na timu ya Arua, kana kwamba timu ya Arua haina kazi.

Nilimwambia Kocha, "Yassin, mguu wa huyu kijana ulihukumiwa mbele ya watu."

"Dede, ulifunikwa."

"Ulifunikwa kwenu. Kwake bado."

Akaokota koni zake akaondoka. Kocha akiondoka bila kutoa amri ujue amesikia, na kwamba hana la kufanya.

Kisha habari ikaja kwamba yule mtu wa Arua anakuja kweli, kwenye mechi ya mwisho wa msimu. Nikawaza kama mtu wa uwanja anavyowaza, maana kichwa changu hakina njia nyingine. Nikasema, kama Duku anaona barabara kila anapopiga, tumwondolee barabara. Tugeuze uwanja. Magoli yakae upande wa shamba la mihogo na upande wa mikalitusi, barabara ibaki pembeni. Kocha alisema saruji ya wanajeshi haing'oki. Niliwaambia vijana kwamba aliyeiweka alikuwa mtu, na alikula ugali kama wao. Walichimba kwa sururu, wakang'oa mabomba na mawe yake, wakayaburuta. Duku alichimba kuliko wote. Mimi nilifyeka upya kona zile ambazo hazijawahi kuwa uwanja, nikafuta mistari ya zamani, nikavuta kamba, nikamwaga majivu. Mistari ilinyooka. Mzee Onzima angekosa cha kufuta.

Siku ya mechi yule mtu wa Arua alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari wa kati. Tulikuwa sare, na muda ulikuwa unaisha, wakati mchezaji wetu alipoangushwa ndani ya boksi. Refa akaonyesha penalti. Kocha hakumtazama mtu mwingine. Akamwonyesha Duku.

Amule alikuwa amekuja kwa magongo. Alizunguka polepole mpaka nyuma ya goli, akasimama kwenye ukingo wa mihogo, mahali ambapo Duku angemwona.

"Duku," aliita. "Vunja nyavu. Nyuma hapa hapana barabara. Iko mihogo tu na mimi."

Duku aliweka mpira, akarudi nyuma hatua zake za zamani. Alimtazama Amule muda mrefu. Akaja mbio, mbio nzuri, zile tulizozijua, na mimi nikashika nguo yangu kifuani. Mguu ulipofika kwenye mpira ulikuwa umeshapoa. Mpira ukaviringika. Golikipa alipiga goti akausubiri, kama mtu anayemsubiri mtoto anayejifunza kutembea.

Yule mtu wa Arua hakukasirika. Alitia simu mfukoni, akaita boda.

Siku mbili tatu baadaye Duku alikuja stoo na jezi imekunjwa.

"Dede, nimeleta jezi."

"Jezi hailetwi chafu."

"Nimefua."

Nikaikagua. Alikuwa amefua kweli, hata kola. Nikamuuliza, "Wewe bado naogopa barabara? Barabara tumeihamisha, mgongo wangu ni shahidi."

"Hapana barabara, Dede."

"Nini basi?"

Alikaa juu ya toroli.

"Nikitaka kuweka nguvu," alisema, "mguu naniuliza: leo nani?"

Nimezika mume, nimezika watoto wawili, na watu huja kwangu kutafuta maneno. Nilisema, "Mwambie huyo mguu anyamaze."

"Nimemwambia."

Amule alikuwa amemfuata. Alisimama mlangoni, jasho likimtoka, maana kutoka sokoni mpaka stoo kwa magongo si mchezo. Alikuwa na hasira, na hasira ya Amule sikuwa nimewahi kuiona.

"Mwenye mguu iko mimi," alisema. "Mimi nasema piga. Wewe nani wa kukataa?"

Duku alitazama chini.

"Mimi nikilala njaa nasema, sawa, rafiki yangu atafika Arua, atafika Kampala, watu watasema huyu ndiye. Sasa umerudisha jezi. Mguu yangu ilikwenda kwa nini?"

"Wewe ulipewa mbuzi," Duku alisema. Alisema kwa upole kabisa. "Mimi hapana pewa kitu cha kumaliza."

Amule alifungua mdomo. Nilingoja utani, kwa kuwa Amule hajawahi kukosa. Aligeuza magongo akaondoka, na sisi wawili tukasikiliza magongo yake mpaka barabarani.

Baadaye Duku aliomba slasha. Nilimpa ile ya Mzee Onzima, na sikumhurumia: alipopinda mstari nilifuta, akachora tena. Leo anachora vizuri kuliko mimi, na mshono wake haufunguki. Kocha naye alibadilisha ile sheria yake. Sasa mpira ukienda upande wa barabara, hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuvuka mfereji. Anakwenda Duku peke yake. Aliomba mwenyewe. Anasimama pale jua na mvua, madereva wanamjua, wengine wanampigia honi ya salamu. Anatazama huku, anatazama kule, anatazama huku tena, ndipo avuke. Timu inasubiri. Wageni hulalamika kwamba tunapoteza muda. Waache walalamike.

Timu ilipata mshambuliaji mwingine. Anafunga kiasi. Amule alikaa nyumbani muda, kisha Kocha akamwita afundishe magolikipa, anafundisha akiwa amekaa kwenye benchi fupi karibu na mlingoti wa goli. Yeye na Duku wanasalimiana. Wanaulizana habari za nyumbani. Zaidi ya hapo sijasikia.

Kwa hiyo Letaru, nakuomba kitu kimoja kinachozidi majivu na mafuta ya ng'ombe. Usimwambie Duku ajaribu. Utaona mguu wake, utaona anavyotembea, utadhani ni wewe utakayeweza. Kila anayekuja hudhani hivyo. Mpe kazi, mdai kazi, mgombeze akichelewa. Hilo analibeba.

Siku yangu ya mwisho walikuwa mazoezini. Mpira ulitoka, ukavuka barabara, ukasimama ng'ambo kwenye majani. Duku alitazama pande zote, akavuka, akauokota, akarudi. Timu nzima ilikuwa upande wa pili, mbali, mikono viunoni.

"Tuma kwa mguu, tunachelewa," mmoja wa wapya aliita.

Kocha alimnyamazisha kwa mkono. Amule aliinuka kwenye benchi lake, akashikilia mlingoti kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaufungua mbele ya kifua, kama golikipa anayengoja. Duku alimwona, nilimwona akimwona. Alisimama na mpira mikononi. Mguu wa kulia ulirudi nyuma kidogo, hata majani chini yake yaliinama.

Kisha alianza kutembea. Aliubeba mpira kwa mikono miwili, akapita katikati ya uwanja wote, akaenda kuuweka chini mbele ya Amule, akarudi barabarani.